Shajara ya kompresa: maji ya Mombasa, baridi ya Kinangop

Kompresa hii ni ya kuvutwa nyuma ya gari. Injini yake ni ya dizeli, silinda nne, pampu ya mafuta ni ya kizamani isiyotumia kompyuta, na tangi ni la chuma, lita 120. Tunaikodisha pamoja na nyundo mbili za hewa za kuvunjia mawe na zege. Maskani yake ni yadini kwetu, Changamwe, Mombasa. Naandika kila hatua na kila shilingi kwa sababu nilipotafuta msaada kuhusu filta zinazoziba wakati wa baridi, nilipata maelezo ya nchi za theluji tu, na maelezo hayo yakanipoteza kwa siku kadhaa.

3 Julai 2025: Simu ya asubuhi

Mashine iliondoka Mombasa tarehe 27 Juni, tangi limejaa, kwenda Kinangop, kwenye nyanda za juu zenye baridi, kuvunja mwamba kwenye mtaro wa maji. Siku mbili za mwanzo ilipiga kazi bila neno. Leo saa kumi na mbili asubuhi opereta kanipigia: "Bosi, inawaka, inanguruma dakika mbili, halafu inakosa pumzi na kuzima." Kipimajoto cha pale walipolala kilikuwa kwenye nyuzi 7. Kambi nzima ilishaamua kwamba dizeli imeganda.

Niliwaamini, kwa sababu jambo lenyewe lipo. Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa vya kutosha, nta hiyo inajitokeza kama ukungu, kisha inakuwa chembe zinazoshikana kwenye karatasi ya filta, na injini inakosa mafuta hali tangi limejaa. Nikamwambia azungushie filta kitambaa kilicholowa maji ya moto, na mrija wa mafuta vilevile, kisha asukume pampu ya mkono hadi iwe ngumu.

Hakuna kilichobadilika. Akaweka filta mpya, mashine ikafanya kazi dakika 40. Akaweka ya pili, dakika 25. Saa sita mchana jua limewaka, nyuzi 18, na bado inazima. Hapo ndipo ilinipasa kushtuka. Nta ikipata joto huyeyuka, na filta ikiwa imezibwa na nta hufunguka yenyewe jua likipanda. Sikushtuka. Niliwaza kununua filta zaidi.

Filta mbili, kila moja 1,450.

6 Julai: Mashine imerudi

Mteja hakuweza kungoja, na ana haki. Lori la kuirudisha hadi Changamwe limechukua 28,000. Siku nne za kukodisha zimepotea, kila siku 9,000.

Jambo moja zuri: opereta hakutupa filta zilizoziba. Alizifunga kwenye mfuko wa nailoni akaja nazo. Yeyote anayepeleka mashine mbali amwambie opereta wake afanye hivyohivyo, kwa sababu filta iliyokufa ndiyo inayosema kilichotokea.

7 Julai: Kupasua filta, na kosa la 8,500

Nilishika msumeno wa chuma nikakata kopo la filta ya kwanza kulizunguka lote. Nilipokunjua karatasi nikakuta vitu viwili: ute wa kahawia iliyokoza, na chembe za chuma zinazometameta. Chembe zile zilinitia hofu kubwa. Chuma ndani ya filta, nikajiambia, ni pampu inayojila. Siku hiyohiyo nikaifungua pampu nikaipeleka kwa fundi wa pampu kupimwa mezani.

Akaipima siku nzima. Kesho yake akanirudishia: pampu ni nzima, vipimo viko sawa, 8,500 tafadhali. Kisha akaniuliza filta niliikata na nini. Nilipomjibu, akachukua filta ya pili, akaifunga kwenye jiliwa, akaikata kwa kisu cha magurudumu cha kukatia mabomba, kile kinachobana na kuzungushwa bila kutoa unga. Ndani yake mlikuwa na ute mtupu. Chembe za chuma zilitoka kwenye msumeno wangu mwenyewe.

Kwa hiyo filta usiikate kwa msumeno. Kama huna kisu cha bomba, kaazime.

Ute wenyewe nieleze vizuri, kwa sababu ndio kiini cha kazi hii. Ukiuvuta kwa kidole unafuata kama mlenda wa bamia. Harufu yake ni chachu, kama uji uliolala siku mbili. Nilikata kipande cha karatasi ya filta chenye ute nikakiweka juani juu ya bati kuanzia saa nne hadi saa nane. Nta ingeyeyuka ikatiririka. Ute ulikauka tu ukawa kama ngozi ya samaki. Kipande kingine nikakisukasuka ndani ya chupa ya dizeli safi: haukuyeyuka, ulimeguka mapande yakazama.

9 Julai: Chupa mbili ndani ya friji

Kabla ya kuifuta nta kabisa kwenye orodha ya washukiwa nilitaka kuona kwa macho. Chupa ya kwanza niliijaza dizeli kutoka tangi la kompresa, ya pili dizeli iliyonunuliwa leo kwenye pampu ileile tunayonunua siku zote. Nikazifunga vifuniko barabara, nikaziweka kwenye friji ndogo ya karakana, ambayo haina chakula ndani. Nyuzi 5, usiku kucha.

Asubuhi, dizeli mpya ilikuwa angavu, unaweza kusoma gazeti ukiiweka mbele ya macho. Ile ya tangi ilikuwa na ukungu, na chini ya chupa matone kama matano ya maji yakitembea kila nilipoiinamisha. Nikaziacha mezani zipate joto. Ukungu uliondoka. Matone yalibaki.

Ukungu peke yake haukwambii kitu, maana nta na maji vyote hutia ukungu kwenye baridi. Dizeli yenye joto inabeba maji kidogo yaliyoyeyuka ndani yake yasiyoonekana, na ikipoa maji hayo yanajitenga. Kinachoamua ni kile kinachobaki chini baada ya chupa kupata joto.

10 Julai: Nilikwenda kulaumu watu wasio na kosa

Nina deni la kuliandika hili. Nilipoyaona maji, nilikwenda kwenye kituo cha mafuta nikiwa na hasira, nikisema mmenipa dizeli yenye maji, tena labda mmechanganya na mafuta taa. Uchanganyaji wa mafuta taa ulikuwa tatizo kubwa nchini hadi serikali ikaweka ushuru maalumu juu ya mafuta taa mwaka 2018, na bado neno hilo liko midomoni mwetu kila injini inapokohoa.

Msimamizi hakunijibu kwa hasira. Alichukua fimbo ya kupimia, akaipaka mwisho wake dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, akaishusha mbele yangu hadi chini ya tangi la ardhini. Ilirudi na rangi yake ileile. Akanikumbusha pia jambo ambalo nililijua na nimelisahau kwa ghadhabu: mafuta taa hayaletei dizeli ugumu wa baridi. Huko kwenye theluji watu huchanganya mafuta taa makusudi ili dizeli isitoe nta mapema. Hasara yake ni kwa pampu, inayokosa ulainisho.

Nilimwomba radhi pale pale. Dawa ile ya kupimia nimenunua kikopo changu, na sasa naitumia kila Jumatatu kwenye mapipa yetu.

12 Julai: Plagi iliyokuwa ikinidanganya

Hii ndiyo sehemu iliyoniuma zaidi. Tangi letu lina plagi ya kumwagia chini yake. Kila mwezi, kwa miaka, tumekuwa tukiifungua, tunatoa kikombe kimoja, tunaona dizeli safi, tunafunga. Tangi lenye maji lingetoa maji, au sivyo?

Leo nililala chini ya mashine na pima maji ya fundi mwashi. Kompresa ikiegeshwa yadini husimama juu ya kigurudumu chake cha mbele, na pua yake huwa chini kuliko mkia. Plagi iko nyuma. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakwenda palipo chini, na palipo chini ni pembe ya mbele, mbali na plagi. Tulikuwa tukikinga dizeli safi kutoka upande wa juu wa tangi huku maji yamelala upande wa pili.

Tuliinua mkono wa kuvutia kwa jeki hadi plagi ikawa ndiyo sehemu ya chini kabisa, tukaweka magogo, tukaiacha mashine usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi nikafungua plagi juu ya beseni jeupe. Kwanza yalitoka matope meusi kama masizi yaliyolowa, kisha maji ya rangi ya chai, kisha utando unaoning'inia kama ngozi ya maziwa, na mwisho kabisa dizeli. Maji na matope pamoja: lita tatu na nusu.

Utando ule ni viumbe hai. Kuna kuvu na bakteria wanaoishi pale maji yanapokutana na dizeli: wanakunywa maji, wanakula mafuta. Kuvu anayejulikana zaidi ni Hormoconis resinae, ambaye husumbua hata matangi ya ndege. Bila maji hawezi kukua. Akiyapata hujenga ute, na hutoa asidi inayokula chuma cha tangi.

Maji yaliingilia wapi? Mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umekauka na kupasuka, na kifuniko chenyewe kina kishimo kinachokusanya mvua. Masika yote, Aprili na Mei, mashine ilisimama nje wiki saba bila kazi, tangi likiwa robo. Tangi tupu kiasi hicho hupumua: mchana hewa inapanuka na kutoka, usiku inaingia hewa ya bandari ya Kilindini yenye unyevu na kutona kwenye kuta za chuma. Mvua ilileta maji mengi, umande wa ndani ukaongeza.

Na Kinangop? Sasa naiona hivi. Zaidi ya kilomita 500 za barabara zilikoroga matope yaliyolala. Filta iliyakusanya kidogo kidogo kwa siku mbili. Baridi ya asubuhi ya tatu iliifanya dizeli iwe nzito kidogo, na filta iliyokwisha ziba nusu ikashindwa kuipitisha. Baridi ilimalizia tu. Kazi ilifanyika hapa hapa Changamwe, kwenye joto.

13–14 Julai: Kuosha tangi

Kushusha tangi, nusu siku, hakuna la kusimulia.

Kosa: niliwaruhusu vijana wakaliosha kwa sabuni ya unga na maji, wakaliacha likauke usiku. Kwa hewa yetu ya chumvi, asubuhi ndani kote kulikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, na sabuni iliyobaki huchanganya maji na dizeli hadi yasitengane. Ikabidi kuanza upya. Tulitia ndani mita mbili za mnyororo na lita tano za dizeli, watu wawili wakalitikisa huku na huku kwa zamu, tukamwaga, tukarudia mara nne hadi dizeli ikatoka bila unga. Kisha hewa ya kompresa ya jirani, kisha jua, kisha dizeli ya mwisho ya kusuuza.

Tangi la namna hii lisisogezewe moto wala kuchomelewa. Mvuke wa mafuta unaobaki ndani unaua.

Mafuta machafu yote tumeyajaza kwenye pipa lenye alama, kwa wanunuzi wa oili chafu. Mtaro wa yadi yetu unaishia upande wa mikoko ya Port Reitz, na mikoko hiyo iliumia vya kutosha meli ya mafuta ilipovuja mwaka 2005.

Dizeli ya kuoshea lita 40, 6,800. Vijana wawili siku mbili, 4,000.

16 Julai: Dawa ya kuvu

Kuosha hakutoshi. Mirija, pampu ya mkono na mrija wa kurudisha vyote vimebaki na mbegu. Nilikwenda Mbaraki kumwona mzee mmoja aliyekuwa fundi wa matishali bandarini, maana watu wa vyombo vya baharini wameujua ugonjwa huu kabla yetu. Nilimuuliza kama Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, inafaa, maana kijana mmoja aliishauri.

"Jik ya nini, mwanangu? Wataka kuua kuvu ama wataka kuua pampu?"

Nikamwambia, "Ndivyo walivyonishauri, ami."

"Tafuta dawa ya dizeli ya vyombo. Fuata kipimo cha kibandiko, usizidishe. Na weka filta tatu kando. Kuvu akifa hapotei. Maiti yake yaja kwenye filta."

Dawa 3,200, nikaipata kwenye duka la vifaa vya meli. Glavu zivaliwe, inachoma ngozi. Tumetia kipimo cha kushtua, ile dozi kubwa iliyoandikwa kwa tangi lililokwisha ugua, na kulijaza tangi hadi juu.

18 Julai: Kichujio cha maji, na tepu nyeupe

Mashine hii ilikuwa na filta moja tu, ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nimeongeza mbele yake kichujio cha maikroni 30 chenye bakuli la kioo chini, maji yanajitenga humo na unayaona kwa macho. 6,500.

Kukifunga kumenipotezea siku. Nilinunua nipo (viungio vya bomba) za mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki, kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuzizungushia tepu nyeupe ya mafundi wa bomba. Mashine iliwaka, ikawa inapanda na kushuka mngurumo kama mtu anayehema. Niliweka kipande cha hosi inayoonyesha ndani, nikaona vipovu vinapita. Upande ule wa mafuta pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo nafasi ndogo haidondoshi dizeli nje: inanyonya hewa ndani, na huoni tone lolote sakafuni. Nilipofungua tena nikakuta uzi wa tepu umekatika na kukaa kwenye mdomo wa pampu ya mkono. Ungeingia ndani zaidi ningefungua pampu kubwa tena.

Mabati nayo yana kasoro yake: zinki hushikana na dizeli ikatoa uchafu kama sabuni. Nimeziondoa zote. Sasa ni nipo za chuma kitupu, gundi ya nyuzi isiyoyeyuka kwa mafuta, na hosi ya dizeli yenye klipu za skrubu. Pamoja na zilizotupwa: 1,150. Kifuniko kipya chenye mpira na mdomo wa kupumulia uliogeuzwa chini: 1,600.

31 Julai: Majaribio

Filta ya kwanza baada ya dawa ilianza kubana saa ya 11 ya kazi. Tuliikata kwa kisu cha bomba: vipande vyeusi vilivyokufa, havina mlenda tena. Ya pili saa ya 38, kidogo tu, niliitoa kwa tahadhari. Ya tatu ina saa 60 na injini haijabadilisha sauti. Filta tatu, 4,350.

Hesabu hadi leo. Matengenezo: pampu 8,500, dizeli ya kuoshea 6,800, vijana 4,000, kichujio 6,500, dawa 3,200, nipo na hosi 1,150, kifuniko 1,600, filta 4,350. Jumla 36,100. Hasara ya safari: filta 2,900, lori 28,000, siku nne 36,000. Jumla 66,900. Yote pamoja 103,000. Mpira wa kifuniko unauzwa 150 Mwembe Tayari.

19 Agosti: Kinangop tena

Mteja yuleyule amekubali kuturudia, na hilo limenifurahisha kuliko mashine yenyewe. Safari hii nimempa opereta masharti yaliyoandikwa na kubandikwa ndani ya boneti. Tangi lijazwe jioni, si asubuhi, ili usiku lisibaki na hewa ya kutona. Mashine iegeshwe plagi ikiwa chini. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha, afungue bakuli la kichujio akinge kwenye chupa ya plastiki na anitumie picha.

Picha ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 8: kijiko kimoja cha maji chini, dizeli juu yake. Ya pili: matone mawili. Ya tatu na ya nne: dizeli tupu, na mlima umeonekana nyuma ya chupa. Mashine imefanya saa 34 huko bila kuzima.

Jenereta ya yadi ina kifuniko cha aina ileile, na plagi yake nayo iko upande wa juu wa tangi. Nimeiinua kwa jeki leo jioni. Kesho naifungua juu ya beseni jeupe.